Sauti Zinapopotea Njiani: Mawasilisho ya Slaidi na Data ya Lahaja za Lamu

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa isimu aliyekwenda kukusanya data katika funguvisiwa la Lamu. Alinasa Kiamu mjini Lamu, kisha akavuka hadi kisiwa cha Pate kunasa Kisiu cha Siyu na Kitikuu cha Faza na Kizingitini. Aliporejea chuoni, aliandaa wasilisho la slaidi 12 kwa programu ya PowerPoint. Kwenye tarakilishi yake sauti zote zilisikika barabara. Alilituma kwa barua pepe kwa mhadhiri wake. Mhadhiri akabofya alama ya spika, asisikie lolote. Makala haya yananuia kueleza chanzo cha kimya hicho na namna ya kukiepuka.

Umuhimu wa Sauti

Huenda ikadaiwa kwamba maandishi yanatosha. Ni kweli kwamba tunaweza kuandika kuwa Waamu husema mato kwa macho na moya kwa moja. Hata hivyo, hati yetu ya kawaida haionyeshi kwamba t ya mato hutamkwa ulimi ukigusa meno, wala haitofautishi paa la nyumba na paa mnyama, ilhali katika lahaja za kaskazini jina la mnyama huanza kwa p yenye mpumuo. Hali kadhalika, Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 unaweza kusomwa kitabuni, lakini mahadhi ya mghani hayamo kitabuni. Sauti ikipotea, mhadhiri husalia na dai lisilo na ushahidi.

Chanzo cha Tatizo

Sauti huingia katika slaidi kwa njia mbili: kupachikwa au kuunganishwa. Iliyopachikwa huwa sehemu ya faili la wasilisho na husafiri nalo. Iliyounganishwa husalia katika folda yake. Slaidi hubeba anwani tu ya mahali ilipo. Kwa mhadhiri, anwani hiyo haielekezi popote, kwa kuwa folda imebaki kwa mwanafunzi.

Katika PowerPoint ya 2003 na ya 2007, sauti za muundo wa WAV pekee ndizo zilizopachikwa, na kwa kawaida zisizozidi kilobaiti 100. WAV kubwa zaidi, pamoja na MP3 za ukubwa wowote, ziliunganishwa. Sasa tupige hesabu. Sauti ya WAV ya mkondo mmoja, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na baiti 2 kwa kila sampuli, huchukua baiti 88,200 kila sekunde. Kwa hiyo kilobaiti 100 ni sekunde moja na ushei. Ndiyo maana neno moja kama mato huweza kusikika kwa mhadhiri, ilhali ubeti mzima hausikiki.

Tangu toleo la 2010, sauti hupachikwa isipokuwa mtumiaji achague kuiunganisha. Hata hivyo, mawasilisho ya zamani bado yanatumiwa, na viungo vyake vya zamani vimo ndani yake.

Utambuzi

Kabla ya kutuma, mwanafunzi afanye majaribio haya:

1. Atazame ukubwa wa faili. Dakika moja ya WAV iliyotajwa hapo juu ni takriban megabaiti 5. Wasilisho la kilobaiti 300 haliwezi kubeba dakika kumi za mazungumzo.

2. Ikiwa faili ni la pptx, alinakili, abadilishe kiishio cha nakala kiwe zip, kisha aifungue. Sauti zilizopachikwa zitaonekana katika folda ya media iliyo ndani ya folda ya ppt. Zisipoonekana, zimeunganishwa.

3. Alifungue wasilisho katika tarakilishi nyingine. Kulijaribu katika ileile lilikotayarishwa hakuthibitishi kitu, kwa sababu anwani zote bado ni sahihi.

Utatuzi

Kwa matoleo mapya, sauti zifutwe na kuingizwa upya kwa kupachikwa. Kwa yale ya zamani, sauti na wasilisho viwekwe katika folda moja kabla ya kuingiza sauti, kisha folda nzima ibanwe kuwa faili moja la zip na kutumwa. Mpokeaji naye aifungue folda yote kwanza.

Aidha, muundo uzingatiwe. Sauti zilizorekodiwa kwa WhatsApp huwa za muundo wa opus, ambao PowerPoint haiuchezi. Zigeuzwe kuwa WAV. Mpokeaji asitegemee kulitazama wasilisho ndani ya barua pepe. Alipakue, alifungue na kuruhusu uhariri.

Ukubwa nao una mipaka. Gmail hukubali megabaiti 25, lakini usimbaji wa viambatisho huongeza takriban theluthi moja, hivyo faili lisizidi megabaiti 18. Likizidi, MP3 itumike kwenye slaidi, kwani kwa kilobiti 128 dakika moja ni kama megabaiti moja tu. WAV asilia isifutwe kamwe: MP3 hupunguza taarifa za sauti, na mtafiti atakayepima mpumuo atazihitaji.

Hitimisho

Kurudi Siyu kunasa upya kunahitaji nauli na siku kadhaa, na mzee aliyeghani mwaka jana huenda asiwepo tena. Wazee wa Lamu na Pate hutuamini na sauti zao. Ni wajibu wetu kuhakikisha zinamfikia msikilizaji. Basi kabla ya kutuma, tufungue, tusikilize, ndipo tutume.