MTAMBO WA ATOMU HUTAKA WATU KWANZA

Wengi wetu tukisikia kwamba nchi fulani inajenga mtambo wa umeme wa atomu, hufikiri habari za uraniamu na mashine tu. Lakini kazi iliyo ngumu zaidi ni ya uongozi. Tangu shauri la kwanza mpaka taa kuwaka huweza kupita miaka 10 hata 15. Mawaziri wanaoianza kazi huenda wasiwe wao watakaoimaliza. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, lenye makao yake Vienna, hufundisha kwamba lazima ziwepo pande tatu: serikali, inayokata shauri na kutunga sheria, kampuni, inayouendesha mtambo, na mkaguzi, mwenye uwezo wa kusema, "Simamisheni kazi," wala asimwogope mtu.

Tutazame nchi mbili.

Ufilipino ilianza kujenga mtambo wa Bataan mwaka 1976, wakati wa Rais Ferdinand Marcos. Mwaka 1979 ilitokea ajali ya Three Mile Island huko Marekani. Ujenzi ukasimamishwa, na tume ikaona kasoro nyingi. Baadaye kazi iliendelea, na kufika mwaka 1984 mtambo ulikuwa karibu tayari, gharama imekwisha pita dola milioni 2,000. Lakini wananchi hawakuuamini. Walinung'unika juu ya hongo katika mkataba, na juu ya mlima wa volkano ulio karibu. Mwaka 1986 Marcos aliondolewa, ukatokea na mlipuko wa Chernobyl, basi serikali mpya ikaufunga mtambo. Haukutoa umeme hata siku moja, na deni lake lililipwa mpaka mwaka 2007.

Umoja wa Falme za Kiarabu ulishika njia nyingine. Mwaka 2008 ulitangaza shabaha yake wazi, ukaahidi kutorutubisha uraniamu nchini, ili watu wasishuku kwamba unatafuta bomu. Mwaka 2009 uliunda kwanza idara ya ukaguzi. Ndipo, mwezi wa Desemba, ukatia sahihi mkataba na Wakorea wa Kusini wa kujenga vinu vinne huko Barakah. Kinu cha kwanza kilikwisha kujengwa mwaka 2018. Hapo ndipo uongozi ulipojaribiwa: fedha zimetumika, dunia inatazama, lakini waendeshaji hawajaiva katika mafunzo. Wakuu wakangoja. Leseni haikutolewa mpaka Februari 2020, na umeme ukaanza kuuzwa Aprili 2021. Mwaka 2024 kinu cha nne nacho kikaanza, na vyote pamoja vikatoa kama robo ya umeme wa nchi ile.

Labda msomaji atasema, "Wale wana mafuta, wanaweza kungoja." Ni kweli. Lakini maskini ndiye asiyeweza kabisa kulipia mtambo uliolala. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Sasa Uganda yetu nayo inapanga kujenga mtambo wa namna hiyo wilayani Buyende. Waendeshaji na wakaguzi watakaotakiwa ni sisi tulio madarasani leo. Basi ndugu zangu, tushike fizikia na hesabu, lakini tujizoeze pia kusema kweli mbele ya mkubwa. Anayeficha kosa dogo katika maabara ya shule ataficha na kubwa penye kinu.