Kulia kwa Umbo la Kuazima

Baadhi ya ndugu wanaohudhuria darsa zetu wametutaka tuseme neno juu ya jambo ambalo wazee wengi wa mji huliona kwa watoto wao wala hawalifahamu. Kijana huketi mbele ya kompyuta muda mrefu, hasemi na mtu. Mara hucheka peke yake, mara uso humkunjika kama aliyefikiwa na khabari mbaya. Ukimwuliza ana nini, hujibu kwamba kuna rafiki yake analia huko. Huko ni wapi, na huyo aliaye ni nani? Na kilio hicho ni kilio, au ni mchezo tu?

Kwanza yatupasa tukijue kitu chenyewe. Ziko dunia zilizotengenezwa kwa kompyuta, zenye miji na misitu na njia zake, na watu wa nchi mbalimbali huingia humo kwa wakati mmoja kwa njia ya mtandao. Aingiaye hapeleki mwili wake. Hupeleka umbo alilojichagulia, liwe la mtu, la mnyama au la jitu, na umbo hilo ndilo waonalo wenziwe. Huitwa avatari. Neno hili asili yake ni la Kisanskriti, na katika dini ya Kihindu maana yake ni kushuka kwa mungu duniani katika umbo. Mwaka 1986 Wamarekani wawili, Chip Morningstar na Randy Farmer, walilitumia katika mchezo wao ulioitwa Habitat, kisha likaenea. Sisi twalitumia kuwa ni jina la chombo tu, wala itikadi iliyo nyuma yake haituhusu.

Sasa, umbo hilo halina moyo, na kila lifanyalo hulifanya kwa kuamrishwa. Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004, mchezaji huandika alama ya mkwaju, na mbele yake huandika neno la Kiingereza la kulia, au la kucheka, au la kukumbatia. Akiandika la kulia, waliopo wote huandikiwa kwamba fulani analia, na umbo lake huonekana likilia mbele yao. Amri nyengine hutikisa umbo, nyengine hutoa maandishi peke yake. Katika Second Life, iliyofunguliwa mwaka 2003, wenyeji wake wenyewe hutengeneza mienendo na kuuziana: namna ya kukaa, namna ya kusimama, namna ya kushikana mikono. Mtu hununua kicheko kama anunuavyo kofia.

Hapa ndipo penye mas-ala yenyewe. Mwanadamu chozi humtoka kabla hajapenda, na sauti humtetema hali anajaribu kuizuia. Avatari hailii mpaka iambiwe lia. Mwenye huzuni kuu asipoandika amri, umbo lake husimama na uso ule ule mkunjufu liliochorwa nao. Na asiye na huzuni hata kidogo aweza kuliliza mchana kutwa.

Kwa sababu hii wako wasemao kwamba yote ni uwongo. Sisi hatuoni hivyo, na twawaomba wasemao maneno hayo watazame mambo yaliyomo majumbani mwao. Mwanamke wa pwani huchagua leso kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa chini yake, akajitanda na kupita mbele ya mlango wa yule aliyemkusudia. Hakufungua mdomo, na ujumbe umefika. Wala maneno yale hakuyatunga yeye. Yalichapwa kiwandani, na wanawake wengine wengi wanayo leso hiyo hiyo. Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba ghadhabu yake au mapenzi yake si ya kweli kwa kuwa ameyanunua dukani. (Kwamba leso hizo zimewagombanisha majirani mara nyingi ni maneno mengine, nayo yataka darsa yake.) Na aliye safarini asiyewahi matanga, akaleta mkono wa taazia kwa barua, huandika maneno ambayo kila mtu huyaandika. Mfiwa hayarudishi kwa kusema ni ya mazoea. Hutazama ni nani aliyemkumbuka.

Basi kuamrishwa hakukibatilishi kilio. Ishara ya makusudi hupimwa kwa yule aliyeileta na sababu iliyomfanya ailete, na mara nyingine ishara iliyochaguliwa huwa na uzito kuliko ile iliyoponyoka.

Tutatoa mfano ulio mashuhuri. Mats Steen alizaliwa Norway mwaka 1989, naye alikuwa na maradhi ya Duchenne, maradhi ya kurithi yanayodhoofisha misuli ya mwili kidogo kidogo mpaka moyo na pumzi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na mwishowe nguvu zilizombakia mikononi zilikuwa za vidole. Saa nyingi mno za ujana wake alizipitisha katika World of Warcraft. Humo jina lake lilikuwa Ibelin, mtu wa miraba minne, mwenye nywele ndefu, aliyependa kukimbia. Wazazi wake walijua kwamba anacheza. Hawakujua zaidi ya hayo. Alipofariki Novemba mwaka 2014, naye ana umri wa miaka 25, lililowauma zaidi ni kwamba mtoto wao, kwa walivyoona wao, ameondoka duniani hakuonja urafiki, wala hakuwa na maana katika maisha ya mtu yeyote.

Baba yake aliandika khabari ya kifo mahali ambapo Mats alikuwa akichapisha maandishi yake mtandaoni, akaweka na anwani. Zikaanza kuja barua. Zilitoka nchi mbalimbali, kwa watu ambao wazazi hawakupata kuyasikia majina yao, na kila mmoja alieleza alivyomjua Ibelin: alivyomsikiliza, alivyomtuliza, alivyomshauri. Walikuwa watu wa kikundi chake cha mchezoni kilichoitwa Starlight. Baadhi yao walisafiri kutoka nchi nyengine wakahudhuria mazishi.

Miongoni mwao alikuwako mama mmoja wa Denmark aliyecheza humo, naye ana mwana mwenye usonji. Kijana yule kukumbatiwa kulikuwa kuzito juu yake, na mama alikuwa hajui afike vipi kwa mwanawe. Mats akamshauri awe pamoja naye katika mchezo. Wakaanza kupelekeana makumbatio kwa maumbo yao, kwa ile amri iliyoandikwa, na kwa njia hiyo wakakaribiana hata nje ya mchezo. Twataka ndugu zetu wasimame kidogo juu ya jambo hili. Kumbatio lile halikuwa na mikono wala joto, na aliyelishauri ni kijana ambaye mwenyewe hawezi kuinua mkono. Lau lingekuwa uwongo mtupu, lisingalizaa kitu.

Habari hizi zimetengenezewa filamu na Benjamin Ree, iliyotoka mwaka 2024, na maneno yaliyomo yametokana na maandishi ya kikundi kile yaliyohifadhiwa. Aliye na nafasi na aitazame pamoja na wanawe.

Lakini tusiusahau upande wa pili. Miaka mingi Mats hakuwaambia rafiki zake kwamba ni mgonjwa. Ilipofika mwaka 2013 ndipo alipoanza kuandika waziwazi juu ya hali yake. Katika muda wote ule Ibelin alikimbia kama kawaida, na umbo halikumsaliti mwenyewe kwa kukohoa wala kwa kukonda. Kwa Mats hii ilikuwa rehema, maana alisalimika na macho ya huruma ambayo kila mlemavu anayajua. Walakini wale waliompenda walinyimwa nafasi ya kumuuguza. Wazazi waliuona mwili wasiwaone marafiki, na marafiki waliliona umbo wasiuone mwili. Ikiwa mwanao ana watu huko, huenda wao wana khabari zake ambazo wewe huna, nawe unazo ambazo wao hawana.

Tena umbo lina athari juu ya yule alivaaye. Nick Yee na Jeremy Bailenson, watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza mwaka 2007 majaribio waliyoyafanya. Waliopewa maumbo yenye sura nzuri waliwasogelea wenzao zaidi na kuwafungulia zaidi mambo yao, na waliopewa maumbo marefu walikuwa wagumu zaidi katika kugawana fedha kuliko waliopewa mafupi. Umbo walikuwa nalo kwa muda mchache tu. Athari hiyo waliipa jina la Proteus, yule wa hadithi za Kigiriki aliyekuwa akigeuka-geuka sura. Anayejifunza upole kwa umbo la kuazima aweza kutoka nao nje, na anayejifunza ujeuri kadhalika.

Limebaki jambo la vyombo vya sasa. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa chombo cha kuvaa usoni kilichoitwa Quest Pro, chenye kamera ndani zinazoyatazama macho na mdomo wa mvaaji. Mtu akitabasamu, avatari yake hutabasamu. Akikunja uso, nayo hukunja. Amri haihitajiwi tena. Kwa upande mmoja umbo limeanza kufanana na mwili, na kile kinachoponyoka huponyoka nalo. Kwa upande mwengine, ile hiari tuliyoitaja, ya mtu kuchagua nini akionyeshe na kwa nani, imepungua, na baina ya uso na rafiki ameingia wa tatu mwenye mashine. Kampuni ilisema kwamba picha za uso hufanyiwa kazi ndani ya chombo chenyewe kisha hufutwa, na kwamba kamera hizo hazifanyi kazi hiyo mpaka mwenyewe aruhusu. Ruhusa hiyo huombwa siku ya kwanza, wakati kijana ana haraka ya kuingia, kwa maandishi marefu ya Kiingereza. Mzazi akikinunua chombo cha namna hii, na akae na mwanawe saa hiyo, wayasome maandishi hayo pamoja kabla kitufe hakijabonyezwa.