Diwani wa Wadi Yako, Uamuzi wa Jiji Zima

Mkazi wa Nairobi akimtafuta mwakilishi wadi wake, mara nyingi huwa na shida ya karibu: basari ya mtoto, taa ya mtaani ya mulika mwizi iliyozimika, au barabara ya mtaa inayogeuka matope mvua ikinyesha. Asiposaidiwa humwekea kinyongo na kungoja uchaguzi ujao. Ninaelewa kwa nini. Kifungu cha 177 cha Katiba ya 2010 kinasema kila wadi ichague mjumbe mmoja wa Bunge la Kaunti, na Nairobi ina wadi 85. Hata hivyo, akishaapishwa, mjumbe huyo hupiga kura kuhusu bajeti, ada na sheria ndogo zinazomhusu kila mkazi wa kaunti, awe wa wadi yake au la. Ndiyo maana nasisitiza kwamba haki yako ya kusikilizwa haikomi kwa uliyemchagua. Bunge zima lina wajibu kwako.

Tazama jaa la Dandora. Tangu miaka ya 1970 takataka za jiji zimekuwa zikimwagwa pale, kutoka mitaa ya matajiri na ya maskini, huku moshi na uvundo vikiingia katika nyumba za watu wa Dandora na Korogocho. Jina la Dandora linabebwa na wadi 4. Wawakilishi wake wote wakisimama pamoja, ni kura 4 mbele ya wenzao 81 wa wadi nyingine, ambao wapigakura wa wengi wao hawalali na moshi huo. Na Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Mkazi wa Dandora akiambiwa ampelekee diwani wake tu malalamiko hayo, anaelekezwa kwa mtu ambaye peke yake hawezi kuamua lolote, ilhali taka zenyewe zimetoka katika kila pembe ya jiji.

Sheria haikumwacha mkazi huyo hivi hivi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuwasilisha ombi kwa Bunge la Kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, hata kutunga au kufuta sheria. Hakikuweka sharti kwamba jambo liwe la wadi yako. Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya Bunge na vya kamati zake viwe wazi kwa umma, na Spika hawezi kuwafungia wananchi nje isipokuwa kwa sababu za kipekee zenye msingi. Wapo pia wajumbe maalumu, wasio na wadi, walioingia kupitia orodha za vyama ili kuziba pengo la jinsia na kuwakilisha vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa. Watu wengi hawawajui hata kwa majina. Ukiwa mlemavu na soko halina njia ya kiti cha magurudumu, una haki ya kubisha mlango wao popote unapoishi.

Kuna atakayesema: mjumbe wa Karen atanisikilizaje, na kura yangu iko Dandora? Hoja hiyo ina uzito. Uchaguzi humfanya mwanasiasa aangalie kwao kwanza, na kwa sababu hiyo hasa ombi huandikiwa Bunge kama taasisi, likaingia katika kumbukumbu na kupelekwa kwa kamati, badala ya kutegemea hisani ya mheshimiwa mmoja. Wengine wangependa wajumbe wote wachaguliwe na jiji zima ili waache kufikiria wadi. Mji wa Mobile, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ulifuata njia hiyo kuanzia 1911: makamishna 3, kila mmoja akichaguliwa na mji mzima. Weusi walikuwa takriban theluthi moja ya wakazi, lakini kwa miongo mingi hakuna hata mmoja wao aliyeshinda, kwa kuwa kura za Wazungu ziliwazidi kila mara. Mji ulipogawanywa katika maeneo 7 mwaka 1985, ndipo walipopata viti. Wadi basi zibaki, kwa kuwa ndizo zinazowapa wanyonge mtu wao ndani.

Tukirudi kwenye ile taa ya mulika mwizi, kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamkataza mjumbe kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kushauriana nanyi, kufikisha maoni yenu na kuhudhuria vikao. Mdai hayo. Na jambo likipita mipaka ya wadi, andikeni ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, mkieleza shida, hatua mlizokwisha kuchukua, kama kuna kesi mahakamani, na mnachotaka Bunge lifanye. Tieni sahihi au alama za vidole gumba, mlipeleke kwa Karani wa Bunge, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.