Haigusi Tena Chini, Lakini Inaturusha

SWALI: Fundi, Toyota Noah yangu ilikuwa ikigusa chini kwenye mashimo ya Katuba. Niliiwekea springi ngumu ili iinuke. Sasa haigusi, ila inaturusha mpaka mama analalamika mgongo. Nifanye nini? – Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu, huenda springi za kwanza zilikuwa zimelala tu kwa uchovu, zilihitaji kubadilishwa kwa mpya za kiwango cha kiwandani, si ngumu zaidi. Springi hubeba uzito, amotisa hutuliza mrusho. Springi ngumu juu ya amotisa iliyochoka hudunda kama mpira.

Kwanza pima upepo wa matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Upepo ukizidi, kila kokoto utalisikia. Kisha kandamiza kona ya gari, uachie. Likipanda na kutulia, sawa. Likiendelea kunesa, amotisa imekwisha. Badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja.

Wakati wa kufunga vipuri hivyo, bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hujisokota na kupasuka mapema. Malizia kwa kunyoosha magurudumu, ndiyo paralelisime ya mafundi wetu.