Kufundisha Mkia wa Upepo kwa Vititia

Mtoto wa mvuvi wa Kaole hahitaji kuambiwa kwamba chombo kimoja chaweza kukinyima kingine upepo. Jahazi likipita karibu upande wa goshini, yaani utokako upepo, tanga la ngalawa hulegea. Maarifa hayo ndiyo yatupasayo kuanza nayo tunapofundisha Darasa la Sita jinsi mitambo ya umeme wa upepo inavyoathiriana. Mwanachuo atakayeanza kwa kuandika kanuni ubaoni atavuna madaftari yaliyojaa, basi.

Vifaa ni vititia vitatu vya karatasi vilivyo sawa, juu ya vijiti. Kimoja kichomekwe mchangani ufukweni, cha pili hatua moja nyuma yake, na cha tatu kando, mahali pasipokingwa. Wanachuo wengi hukiacha hiki cha tatu, nacho ndicho muhimu kuliko vyote. Upepo wa pwani hupanda na kushuka. Pasipo cha kulinganishia, mwanafunzi hawezi kujua kama kititia cha nyuma kimenyimwa upepo au upepo wenyewe umetulia. Kisha cha nyuma kirudishwe hatua kwa hatua mpaka kizunguke sawa na cha kando, na umbali upimwe.

Wapo watakaosema kititia cha mbele ni ukuta. Tusiwakatize, ila tuwaulize mbona cha nyuma bado chazunguka. Kititia huuchukulia upepo sehemu ya nguvu zake. Upepo uliopunguzwa kasi huendelea na safari, hupanuka, huchanganyika na upepo wa pembeni na kurudia kasi yake polepole. Eneo hilo tuliite mkia.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mwaka 1983 N. O. Jensen wa kituo cha utafiti cha Risø, Denmark, alitoa kielelezo chepesi: kwa kila mita 10 kwenda nyuma, ukingo wa mkia husogea nje mita 1 kila upande. Tuchukue mitambo ya Ziwa Turkana, Kenya, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Ipo 365, na mapanga ya kila mmoja huzunguka katika duara lenye kipenyo cha mita 52, yaani nusukipenyo cha mita 26. Mita 260 nyuma yake, ukingo umesogea mita 26, hivyo nusukipenyo cha mkia kimekuwa maradufu. Jensen huanza na upungufu wa kasi wa theluthi mbili, kisha huugawanya kwa 2 mara 2. Hubaki moja ya sita: upepo wa mita 12 kwa sekunde huwa mita 10.

Pungufu hilo laonekana dogo. Lakini nguvu ya upepo hufuata kasi mara kasi mara kasi. Wanafunzi wazidishe wenyewe: 12 hutoa 1,728, na 10 hutoa 1,000. Mtambo wa nyuma hupata kama 58 tu katika kila 100 za mwenzake.

Huko Turkana upepo huvuma karibu mwaka mzima kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo safu huweza kukingama na upepo na kuachiana nafasi kubwa nyuma. Kaole tuna kusi, kisha kaskazi. Zoezi la mwisho basi liwe hili: wanafunzi wachore kwa kijiti mchangani mitambo sita na mikia yake wakati wa kusi; halafu mwalimu ageuze upepo, nao waseme ni ipi ihamishwe.