Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Simu



Zamani kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza alitamani vitu vitatu: baiskeli, saa ya mkono, na redio. Alipotaka baiskeli hakufanya haraka. Alimwomba mtu ajuaye baiskeli afuatane naye dukani. Wakazungusha magurudumu, wakatazama mnyororo, wakauliza kama vipuli vyake vyapatikana, ndipo akatoa fedha. Na akiisha kuinunua aliitunza miaka mingi.

Leo kitu kinachotamaniwa kwanza ni simu. Lakini ile hekima ya kununua baiskeli wengi wameiacha. Mtu hununua simu kwa ajili ya rangi yake, au kwa kuwa mwenzake anayo, na kabla ya miaka miwili kwisha ameiweka kando na kutamani nyingine. Fedha hizo zingeweza kumlipia mdogo wake karo, au kununua mbuzi. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Katika makala haya nitaeleza mambo mawili: jinsi ya kuchagua simu, na jinsi ya kujua kama wakati wa kuibadili umefika. Maoni ni yangu mwenyewe. Mwenye maoni mengine amwandikie mhariri, nasi tutayasoma kwa furaha.

SIMU ILIVYOTOKEA

Tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama njiani mjini New York akapiga simu kwa chombo alichokishika mkononi. Ilipita miaka 10 kabla ya chombo cha namna hiyo kuuzwa madukani. Mwaka 1983 simu ya DynaTAC 8000X ilitoka, bei yake dola 3,995 za Marekani. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 800. Mtu aliweza kuzungumza kwa muda wa nusu saa tu, kisha akaichaji kwa saa 10 hivi.

Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ndogo iitwayo 1100. Haikuwa na kamera wala intaneti. Ilikuwa na betri ya kudumu, vitufe visivyoingia vumbi upesi, na tochi. Basi simu hiyo ya bei nafuu iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ikazishinda simu nyingi za fahari. Sababu yake ni nini? Ilitengenezwa kwa kufuata haja za watu wenyewe. Baadaye, mwaka 2007, Apple walitoa iPhone, na mwaka 2008 simu ya kwanza ya Android ikaanza kuuzwa. Simu hizi za kugusa kioo ndizo tuzitamanizo leo, nasi tumesahau fundisho la ile ndogo yenye tochi.

1. JUA HAJA YAKO

Kabla ya kwenda dukani, chukua karatasi uandike kazi tatu ambazo simu itakufanyia kila siku. Usiandike kazi utakazozifanya mara moja kwa mwaka.

Mwendesha boda boda ataandika: kupigiwa na wateja, kutazama ramani, kupokea malipo. Huyu ahitaji betri kubwa na kioo kigumu. Mwanafunzi wa chuo ataandika: kusoma vitabu, kuandika kazi, kutuma barua. Huyu ahitaji kioo kipana na nafasi ya kuhifadhi. Mama muuza ndizi ataandika: kupiga simu, kutuma na kupokea fedha. Huyu simu ya vitufe yamtosha kabisa. Kutuma fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na MTN Uganda walipofuata mwaka 2009, hakukuhitaji simu ya gharama. Ukimshauri mama huyo anunue simu ya kioo kikubwa, hukumsaidia, umemwongezea mzigo wa kuchaji kila jioni.

2. MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Betri. Ukubwa wa betri huandikwa kwa herufi mAh. Simu nyingi za siku hizi zina 5,000 mAh. Tufanye hesabu ya fizikia: 5,000 mAh ni ampea-saa 5; zidisha kwa volti 3.85, wapata wati-saa 19 na robo. Umeme huo waweza kuwasha taa ya wati 10 kwa muda usiotimia saa mbili. Basi umeme wa kujaza simu ni kidogo sana. Kinachoumaliza upesi ni kioo. Kadiri kioo kilivyo kikubwa na chenye mwanga mkali, ndivyo betri inavyokwisha mapema.

Nafasi ya kuhifadhi, na RAM. Mambo haya mawili watu huyachanganya. Wewe ukaaye bwenini utayaelewa kwa mfano huu. Nafasi ya kuhifadhi ni sanduku lako la chuma, na RAM ni meza yako ya kusomea. Sanduku laweza kuwa kubwa, lakini ikiwa meza ni ndogo huwezi kufungua vitabu vitatu kwa pamoja. Huna budi kufunga kimoja ndipo ufungue kingine. Ndiyo sababu simu yenye RAM ndogo hukwama kwama hata kama ina nafasi nyingi. Tena, simu iliyoandikwa 32 GB haikupi zote 32. Mfumo wenyewe umekwisha chukua sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja. Kwa maoni yangu, anayenunua simu ya kugusa siku hizi asikubali chini ya 64 GB.

Kamera. Muuzaji atakuambia, "Hii ina megapikseli 50!" Usiyumbishwe na hesabu hiyo. Megapikseli ni idadi ya vidoa vinavyounda picha. Hazikuelezi kama lenzi ni safi au kama kamera hupokea mwanga wa kutosha. Njia iliyo bora ni kupiga picha ya mtu mle mle dukani, penye kivuli, kisha uikuze uitazame. Ikiwa uso wake umekuwa weusi mtupu au umepauka kama majivu, kamera hiyo haikufai.

Masasisho. Hili ndilo wanunuzi wengi wasilouliza. Programu za simu huhitaji kurekebishwa mara kwa mara ili wezi wasipate mlango wa kuingilia. Kampuni nyingine zimeahidi kuitunza simu muda mrefu: Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung vivyo hivyo kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini hupewa muda mfupi zaidi, na nyingine hazipewi ahadi yo yote. Simu isiyosasishwa huzeeka ingawa haijapata mkwaruzo. Mnamo tarehe 1 Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android za toleo la 2.3.7 na yaliyotangulia. Wenye simu hizo hawakuwa wamezivunja. Walikuta mlango umefungwa.

Fundi na vipuli. Kabla ya kununua, nenda kwa fundi wa mtaani kwenu umwulize: "Kioo cha simu hii chapatikana? Bei yake ni kiasi gani?" Ikiwa kioo pekee ni nusu ya bei ya simu, au hakipatikani, fikiri tena. Simu itaanguka siku moja, hilo halina shaka.

3. JIHADHARI NA SIMU BANDIA

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Kila simu ina nambari yake ya pekee yenye tarakimu 15, iitwayo IMEI. Bonyeza *#06# nayo itatokea kwenye kioo. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, rudisha simu uondoke.

Majirani zetu wamekwisha ona hasara ya kutojali jambo hili. Nchini Kenya simu bandia zilizimwa baada ya tarehe 30 Septemba 2012. Nchini Tanzania zilizimwa mwezi Juni 2016. Watu waliokuwa wamefurahia bei rahisi walibaki na vipande vya plastiki mikononi.

Kwa simu iliyokwisha tumika, dai risiti ya kwanza. Asiyeweza kuionyesha huenda simu si yake. Mnunuzi wa mali ya wizi aweza kufikishwa polisi pamoja na mwizi, naye atapoteza simu na fedha pia.

4. HESABU YA MWEZI

Watu hulinganisha bei za simu kwa kutazama karatasi ya bei tu. Hesabu hiyo haitoshi. Yapasa kugawa bei kwa miezi ambayo simu itakutumikia.

Tuseme simu ya kwanza ni shilingi 360,000, nayo itadumu miezi 15. Kila mwezi imekugharimu shilingi 24,000. Simu ya pili ni shilingi 720,000, nayo itadumu miezi 48. Kila mwezi imekugharimu shilingi 15,000. Ile iliyoonekana ghali ndiyo iliyo rahisi. Lakini angalia: hesabu hii ni kweli kwa yule tu atakayeitunza simu miezi yote 48. Anayenunua simu ya 720,000 na kuibadili baada ya mwaka mmoja analipa 60,000 kwa mwezi, isipokuwa akiiuza. Kwa hiyo ubora wa simu pekee haumfaidii mtu asiye na subira.

Hesabu ya pili ni ya mkopo. Siku hizi simu hutolewa kwa malipo ya kila siku. Tuseme simu iuzwayo shilingi 550,000 taslimu yatolewa kwa 100,000 za kwanza na 2,000 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 2,000 ni bei ya soda na andazi, mtu haoni uzito wake. Lakini 2,000 mara siku 365 ni 730,000; ongeza zile 100,000, jumla ni 830,000. Umelipa 280,000 zaidi. Na siku usipolipa, simu hujifunga yenyewe mpaka ulipe.

Sisemi kwamba mkopo ni mbaya kwa kila mtu. Ikiwa simu ndiyo itakayokuletea wateja kila siku, yaweza kujilipia. Lakini kijana asiye na kipato, akopaye ili apendeze machoni pa wenzake, amejiuza mwenyewe kwa mwaka mzima. Nao wazazi wake ndio watakaolipa.

5. WAKATI WA KUIBADILI

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kutoka kwa simu mpya si sababu ya kuiacha yako. Kampuni hutoa simu mpya kila mwaka kwa sababu ni biashara yao. Si kwa sababu ya zamani imekufa.

Naona sababu za kweli ni nne tu. Ya kwanza, simu haipati tena masasisho, na programu unazozihitaji zimeikataa. Ya pili, gharama ya kuitengeneza yakaribia bei ya nyingine. Ya tatu, kazi yako imebadilika na simu haiiwezi. Ya nne, imeibiwa au imepotea.

Nawe kabla ya kukata shauri, jaribu dawa hizi. Futa picha na programu usizozitumia, kwa maana simu iliyojaa hukwama. Tena tazama betri. Betri za lithiamu hupungua nguvu kwa kadiri zinavyotumika. Betri nyingi zikiisha kuchajiwa kikamilifu mara 500 hivi hubakiwa na uwezo wa karibu asilimia 80. Simu inayozima saa nane mchana mara nyingi yataka betri mpya tu. Katika mfano wetu wa juu, ukitia betri ya shilingi 60,000 na simu ya pili ikadumu miezi 60, gharama hushuka mpaka 13,000 kwa mwezi. Adui mkubwa wa betri ni joto. Usiiache simu juani, wala usiichaji ikiwa chini ya mto.

6. ITOKAKO NA IENDAKO

Mwisho, tukumbuke kwamba simu haianzii dukani. Ndani yake mna tantali itokanayo na koltani, na katika betri nyingi mna kobalti. Sehemu iliyo kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na koltani huchimbwa kwa mikono huko Rubaya, Kivu Kaskazini, mahali pasipo mbali nasi. Watu wanaingia mashimoni kwa ajili ya kitu tunachokitupa baada ya mwaka mmoja. Na takataka za vyombo vya umeme zilifikia tani milioni 62 duniani mwaka 2022. Zilizothibitishwa kukusanywa na kutumiwa tena hazikufika robo. Basi kuitunza simu miaka minne badala ya miwili ni heshima kwa jasho la wengine.

Ukibadili simu, ya zamani usiitupe shimoni. Toa laini, futa habari zako zote, kisha mpe mdogo wako au mwuzie fundi aipatie kazi vipuli vyake.

Wanafunzi, ninyi ambao bado hamruhusiwi kuwa na simu shuleni msione makala haya hayawahusu. Siku yaja mtakaposimama mbele ya kabati la vioo na fedha mfukoni. Ingieni dukani na karatasi yenu ya haja tatu, wala msitoke na kitu ambacho karatasi haikukiomba.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe tofauti ya RAM na nafasi ya kuhifadhi.
2. Simu ya shilingi 480,000 ilidumu miezi 30, kisha ikatiwa betri ya 60,000 ikadumu miezi 15 zaidi. Gharama ya mwezi ni kiasi gani?
3. Betri ya 4,000 mAh yenye volti 3.85 ina wati-saa ngapi?
4. Jadilianeni darasani: "Simu ya mkopo humsaidia kijana." Upande mmoja ukubali, mwingine upinge.