Dondoo muhimu: Boti ya mtumba kwa mkazi wa Arusha

Boti utaifuata Tanga au Dar es Salaam, na muuzaji anajua hutarudi kesho kulalamika. Nenda na fundi wako.

Anza na tezi, pale mashine inapofungwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi: mlio mkavu ni salama, mlio mzito ni mbao iliyooza ndani ya faiba. Ishike mashine uitikise juu na chini. Tezi ikicheza, achana nayo hata kama rangi inang'aa. Rangi mbichi, kwa kweli, ndiyo ya kutilia shaka.

Legeza skrubu ya chini ya giaboksi. Oili nyeupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Taka mashine iwashwe ikiwa baridi, boti ikiwa majini.

Usajili na ukaguzi Tanzania Bara ni wa TASAC; Zanzibar ni ZMA. Linganisha namba ya mashine na ya kwenye nyaraka.

Ukishaileta nyumbani, usihukumu nguvu zake: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashine ya kabureta hupungukiwa hewa. Kila ikitoka baharini isuuze ndani kwa maji baridi. Ya Meru yana floraidi, yanaharibu meno, ila chumvi yanaondoa vizuri. Zinki ya mashine, ile inayoikinga na kutu, ikiliwa nusu, badilisha.

Na beringi za trela zitiwe grisi kabla ya kuanza safari, si Korogwe.